Wakija Kwako Kuulizia Mchumba

Kabla posa haijajibiwa, watu huuliza. Baba wa binti anamtuma mdogo wake, shangazi anampigia simu rafiki yake wa zamani, mjomba anapanda daladala hadi mtaa anaoishi kijana na kuingia dukani kwako kununua nusu kilo ya sukari. Analipa, anapokea chenji, haondoki. Anauliza biashara inaendaje, anauliza maji yanatoka mara ngapi kwa wiki huku kwenu, halafu ndipo linakuja: "Eti mwanangu, yule kijana wa nyumba yenye geti la bluu, mnaishi naye vipi?"

Swali hilo humfikia jirani, mwenye nyumba, mfanyakazi mwenzake, ustadhi wa madrasa, mzee wa kanisa, shoga aliyesoma na binti. Siku hizi hutoka hata Muscat au London, kwa sababu anayeposwa yuko huko na mposaji yuko mtaani kwenu. Wanaouliza hujipanga, hukaa kikao, wakagawana nani aende wapi. Anayeulizwa hushtukizwa akiwa anafunga duka. Mwongozo huu ni wake yeye, kwa sababu jibu lake linaweza kumvunjia mtu ndoa ya heri, au kumpeleka binti wa watu kwenye nyumba ya mateso huku majirani wote wakijua.

Msimamo wangu nausema mapema. Ukiulizwa na mtu mwenye haki ya kuuliza, na kuna jambo unalolijua kwa macho yako ambalo litagusa maisha ya anayeolewa au anayeoa, sema. Sema kidogo, sema kweli, mwambie anayehusika. Kazi yote imo katika kulijua hilo "kidogo".

Wengi wetu hatufiki hapo. Tunajibu "Ah, kijana mzuri tu, mpole, hana neno na mtu," kisha tunarudi kwenye shughuli zetu tukiamini tumejitoa. Tunaogopa kuitwa wambea, tunaogopa kuvunja ujirani. Nawaelewa wenye hofu hiyo, lakini jibu la namna hiyo, kwa mtu unayejua kwamba si mpole, ni ushahidi wa uongo. Aliyekuja kwako hakukuokota njiani. Atarudi kikaoni aseme, "Nimemuuliza fulani, anamjua, kamsifu," na neno lako litawekwa kwenye mizani pamoja na mahari.

Waislamu wana kisa kinachofaa kusomwa polepole hapa, kilichopokewa na Imam Muslim. Fatma bint Qays, baada ya kuachwa na kumaliza eda, aliposwa na wanaume wawili, Muawiya bin Abi Sufyan na Abu Jahm. Akaenda kumtaka ushauri Mtume, rehema na amani zimshukie. Kuhusu wa kwanza aliambiwa kwamba ni fukara. Kuhusu wa pili aliambiwa jambo la fimbo yake, ambalo wanazuoni wengi wamelifahamu kuwa ni mwepesi wa kupiga wanawake, na wengine kuwa ni mtu wa safari nyingi. Kisha akashauriwa aolewe na Usama bin Zayd. Mwanzoni hakumtaka, baadaye akaolewa naye na akaona heri. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika Riyadh as-Salihin ameorodhesha sababu sita zinazoruhusu kumtaja mtu kwa jambo asilolipenda, na mojawapo ni hii ya kuwanasihi na kuwatahadharisha watu, kama anapokuja mtu kutaka ushauri wa ndoa au wa ushirika wa mali.

Tazama jibu lile lilivyokuwa fupi. Kila mwanamume alipewa neno moja, linalohusu ndoa, na aliyeambiwa ni yuleyule mwenye kuposwa. Ukoo wa Abu Jahm haukuchambuliwa, wala ujana wake. Na tazama jambo jingine: Muawiya aliyetajwa kwa ufukara ndiye aliyekuja kuwa khalifa mwaka 661. Alichoambiwa Fatma kilikuwa kweli siku ile, na ndiyo siku aliyokuwa akiamua. Habari za mtu zina tarehe. Unapojibu, iseme tarehe hiyo: "Wakati anakaa kwangu," "Nilipofanya naye kazi, kabla hajahamia Mwanza." Mlevi wa miaka kumi iliyopita anaweza kuwa leo ndiye anayefungua msikiti alfajiri.

Wakristo nao wanayajua matangazo ya ndoa yanayosomwa kanisani Jumapili kwa Jumapili. Kwa Wakatoliki, kanuni ya 1069 ya sheria za Kanisa inamtaka kila muumini anayejua kizuizi cha ndoa akifikishe kwa paroko au askofu wa mahali kabla ndoa haijafungwa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la ndoa itolewe siku 21 kabla, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Hata mke aliyepo anaweza kupinga kwamba kipato cha mumewe hakitoshi kuongeza mke bila yeye na watoto kuumia. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 nayo ina taarifa ya siku 21. Dini na serikali zimeacha nafasi ileile, kabla ya ndoa, kwa ajili ya mtu anayejua jambo. Tusiijaze nafasi hiyo kwa "kijana mzuri tu."

Kwanza jua nani anauliza, na kwa nini

Usijibu kabla ya kuuliza. "Shikamoo mjomba, mbona umeniuliza, kuna heri gani?" Swali hilo ni la adabu na halimkwazi mwenye nia njema. Akiwa ametumwa na ukoo atakwambia: kuna barua imeletwa, tunataka kumjua mtu. Akibabaika na kusema alikuwa anauliza tu, basi na wewe unajibu tu: "Tunasalimiana, hatujakosana." Habari za watu si za kupitishia muda barazani, na mtu asiye na uamuzi mbele yake hana haki ya kuzipata.

Angalia pia mambo yamefika wapi. Ukoo unaotafakari barua unataka kujua. Ukoo uliokwisha kupokea mahari, ukagawa kadi za mchango na kulipia ukumbi, mara nyingi unatafuta baraka, na swali lake ni namna ya kuomba uungwe mkono. Hapo yapime upya uliyonayo. Kwamba kijana ni mbishi, au ni mzito wa kuamka, hayana tena kazi. Lakini kama ana mke Tabora ambaye hawa hawamjui, au unajua kwamba hupiga, ukumbi uliolipiwa si sababu ya kunyamaza. Mchango hurudishwa, hata kwa aibu.

Chambua unachokijua

Kabla hujafungua mdomo, tenganisha ulichokiona, ulichosikia na unachohisi. Ulichokiona ndicho unachoweza kukitoa bila kukiongezea: wapi, lini, mara ngapi. Ulichosikia, hata ukikisikia kwa watu watano, huenda watano hao wamekipata kwa mtu mmoja. Sitaki kusema kila uvumi ni uongo, maana mitaa yetu hujua mengi kabla ya polisi. Lakini uvumi una njia yake ya halali ya kutumika, nayo ni kuwaelekeza waulizaji kwa aliyeona: "Mimi hilo nimelisikia tu, siwezi kulibeba. Muulizeni aliyekuwa mwenye nyumba wake kule Buguruni." Na unachohisi, kwamba macho yake hayakupendezi au anasalimia kwa kiburi, kiache nyumbani.

Kisha uliza kama jambo lenyewe linaihusu ndoa. Mke au watoto waliofichwa, kipigo, ulevi unaomaliza mshahara, kubeti hadi kuuza vitu vya ndani, kazi anayodai kuwa nayo na hana, madeni ya kukimbiwa: hayo yanahusu. Kabila la bibi yake halihusu, wala umaskini wa kwao, wala kwamba alizaliwa nje ya ndoa, wala kwamba aliwahi kufeli kidato cha nne.

Hapa nina neno na watu wazima wenzangu. Kijana wa kiume anapouliziwa, swali huwa ni kazi na tabia. Binti anapouliziwa, swali huwa ni nani na nani aliwahi kutembea naye, na tunalijibu kwa wepesi wa kutisha. Mama mmoja anasema "mh, yule alikuwa na mwalimu," na binti wa miaka ishirini na mitano anakataliwa kwa jambo la utotoni ambalo, kama lilikuwa kweli, kosa lilikuwa la mwalimu. Ukiuliziwa binti, mpime kwa kipimo kilekile. Je, ni mkweli? Ana mume mahali? Anawajibika? Ya zamani aliyokwisha kuyaacha ni yake na Mola wake, na kama mchumba anataka kuyajua, amuulize mwenyewe.

Kipigo nacho kina maneno yake ya kukificha. Wapo watakaokwambia ugomvi wa mke na mume ni siri ya ndani, usiutoe. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Jambo lililokatazwa na sheria ya nchi, lililosikika hadi nyumba ya tatu, halikuwa siri ya ndani hata lilipokuwa likitendeka.

Yasiyo yako kuyasema

Kuna habari unazozijua kwa sababu ya kazi yako au amana uliyopewa. Muuguzi, mwalimu mshauri, padri, kadhi, karani wa benki, rafiki uliyenong'onezwa usiku ukiapishwa. Hali ya afya ndiyo nzito kuliko zote. Sheria ya Ukimwi ya Tanzania ya 2008, na ile ya Kenya ya 2006, zinayafanya majibu ya kipimo cha mtu kuwa siri, na kuyatoa ovyo ni kosa. Familia ikikuuliza, ielekeze kwenye njia iliyo wazi: wachumba waende kupima pamoja na kila mmoja asikie majibu akiwa na mwenzake.

Lakini kuna mtego. Ukimsifu huyu kwamba "ana afya yake njema," kisha kwa yule ukasema "mambo ya afya siwezi kusema," umeshasema. Siri hulindwa kwa kuwa na jibu moja kwa watu wote. Jizoeze kusema kwa kila anayeuliziwa, mzima na mgonjwa: "Afya ya mtu mimi siisemi, ya yeyote. Nendeni mkapime." Ukilisema hivyo mwaka mzima, siku litakapokuwa na uzito hakuna atakayeliona.

Mtego huo upo pia katika kunyamaza kwenyewe, na sisi watu wa pwani ndio mafundi wake. Mtu anaulizwa, anavuta pumzi, anaangalia pembeni, anasema, "Mh! Haya, Mwenyezi Mungu awajaalie." Hakutaja kosa hata moja, na amemuua mtu jina. Guno haliwezi kupimwa wala kupingwa. Mwulizaji atarudi nalo nyumbani na kulijaza anachokiogopa zaidi: kama anaogopa ulevi litakuwa ulevi, kama anaogopa uchawi litakuwa uchawi. Ni afadhali mara mia uliseme jambo kwa jina lake, dogo kama lilivyo, kuliko kuguna. Na kama umeamua kutosema, tengeneza uso wako uwe mtulivu, useme sentensi iliyonyooka: "Mimi na yeye hatujakaa karibu kiasi cha kumshuhudia. Kamuulizeni anayefanya naye kazi." "Sijui" ya kweli ni jibu kamili na haihitaji guno la kuisindikiza.

Namna ya kulisema

Mseme mtu kwa anayebeba uamuzi: binti mwenyewe, baba yake, mama yake, au aliyetumwa nao rasmi. Mkiwa wawili, ana kwa ana ikiwezekana. Usilisemee kwenye kikao cha harusi, wala usilirekodi kama ujumbe wa sauti. Sauti ya WhatsApp uliyomtumia shangazi mmoja saa mbili usiku, asubuhi inasikilizwa Tanga, Mombasa na Dubai, na hukumaliza hata kueleza.

Chukua mfano wa mzee aliyempangisha kijana nyumba, naye amefuatwa na baba wa binti. Jibu zuri ni kama hili:

"Mzee mwenzangu, alikaa kwangu miaka minne. Kodi alilipa kwa wakati, hata siku moja sikumdai. Kwa wageni ni mkarimu. Lakini mara mbili niliitwa usiku kwenda kuamua ugomvi, na mara zote mbili nilimkuta mke wake wa kwanza amevimba uso. Waliachana, wakahama. Baada ya hapo sijui anaishije."

Ametaja muda aliomjua. Ametoa jema kwa ukamilifu wake, kwa kuwa nalo ni kweli na mwulizaji ana haki nalo. Ametaja alichokiona na idadi yake, bila kusema "ni mtu mkatili," kwa sababu aliona uso uliovimba mara mbili na hakuuona moyo. Ameweka mpaka wa ujuzi wake. Na hakumtaja yule mke wa kwanza kwa jina wala anakoishi sasa. Hilo ni muhimu sana: mwanamke aliyekimbia kipigo asigeuzwe shahidi wa watu bila ridhaa yake, na mazungumzo ya posa yasiwe njia ya mtu kujua alikohamia.

Mara nyingi mwulizaji hatosheki. Atainama akuulize: "Sasa wewe, ungekuwa na binti, ungempa?" Hapa ndipo hasa maoni yako yanapotakiwa, na hulazimiki kuyatoa. Mimi naona ni vizuri kujibu, lakini jibu lifungwe na sababu yake: "Nisingempa kabla sijazungumza naye uso kwa uso juu ya yale niliyoyaona." Ukitoa sababu, baba wa binti ataipima sababu. Ukisema "nisingempa" na kunyamaza, ataupima umri wako na mvi zako, na mtoto wa watu atahukumiwa kwa mvi.

Kama una jambo lako katika habari hii, litangulize. Mposaji ni mtoto wa dada yako? Sema: "Huyu ni mpwa wangu, nampenda, kwa hiyo sikilizeni na wengine." Mliwahi kugombania kiwanja? Omba udhuru: "Nina kesi naye, siwezi kumsema kwa haki." Na kama ulikuwa umemtamani binti huyo kwa ajili ya mwanao, omba udhuru huohuo bila kueleza kisa.

Mwambie mapema aliyekuomba umseme

Mara nyingine kijana mwenyewe hukujia: "Kaka, nimewaambia wakwe watarajiwa wakuulize wewe." Hii ndiyo saa bora kuliko zote na wengi tunaipoteza kwa kucheka na kusema "usijali, nitakutengenezea." Mwambie palepale utakachosema. "Wakija nitawaambia unavyojituma, na wakiniuliza pesa nitawaambia ya kubeti, kwa sababu mwezi uliopita uliuza simu." Atakasirika. Huenda akatafuta mtu mwingine wa kumtaja, na ni haki yake. Huenda pia akaenda kumwambia mchumba wake mwenyewe kabla hujamwambia wewe, na habari hiyo ikitoka kinywani mwake huwa na uzito tofauti kabisa: imekuja na mtu aliye tayari kuulizwa.

Hata kama hakukuomba, lichukulie kila neno kuwa litamfikia. Mitaa yetu ni midogo na "nani kasema?" ndilo swali la kwanza posa ikikataliwa. Sema yale tu ambayo ukikutana naye kesho kituoni utaweza kuyarudia: "Ndiyo, niliulizwa, nikasema niliyoyaona, na jema lako pia nililisema." Usilolimudu kulirudia mbele yake, usiliseme nyuma yake.

Baada ya kusema, toka. Usipige simu kuuliza wameamuaje, usikasirike wakimkubali. Wanaweza kuwa wamezungumza naye, ametubu, wameridhika. Wanaweza pia kuwa wamepuuza. Uamuzi ulikuwa wao tangu mwanzo. Ukialikwa, toa mchango wako na uende, ukae na wenzako, ule pilau, upige vigelegele. Usimnong'oneze mtu mezani kwamba wewe uliwaonya.

Na ikitokea baada ya mwaka binti yule akaja mlangoni kwako kwa sababu anajua wewe ulimjua mumewe, usianze na "niliwaambia wazazi wako." Kama ameumizwa, mpeleke hospitali na kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto, mchukue fomu ya PF3, au P3 kama mko Kenya, na safari hii usisubiri kuulizwa: andika maelezo ya uliyoyaona, pamoja na tarehe zake.